Bushi za Altezza na Fujo za Mpira

Swali limetoka Lionja, Nachingwea. Msomaji wetu wa huko aliuza korosho vizuri akajinunulia Toyota Altezza, gari dogo la kispoti lililotengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Sasa mbele linagonga kila likishuka kwenye korongo, na akifunga breki mara kadhaa mfululizo pedeli inalegea. Anataka kufanya kazi mbili nyumbani kwake: kung'oa bushi za mpira na kuweka za poliurethani, kama za magari ya mashindano, kisha kutengeneza mabomba ya kupeleka hewa kwenye breki za mbele. Anauliza aanze na ipi.

Bushi yenyewe haihitaji maelezo mengi. Ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, mpira umegandishwa katikati, nayo inaunganisha bodi ya gari na ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu, ambayo mafundi huiita amu. Kinachonivuta mimi ni huo mpira. Watu huuona kama springi ya bei rahisi, kumbe unafanya kazi kwa njia ambayo hakuna springi ya chuma iliyowahi kuitumia.

Tafuta raba ya kufungia noti. Iguse kwenye mdomo wa juu, uivute ghafla ikiwa bado imegusa. Inakuwa ya moto. Subiri ipoe hali umeivuta, kisha uilegeze: safari hii inakuwa ya baridi. Mwingereza John Gough, mtu asiyeona, aliandika habari hii mwaka 1805 baada ya kuipima kwa mdomo wake vivyo hivyo. Aligundua pia kwamba mpira ulioning'inizwa uzito hujivuta juu ukipashwa moto, wakati chuma kingerefuka. Nusu karne baadaye James Joule aliyapima hayo upya kwa makini na kukuta Gough alisema kweli.

Chuma ukikivuta unaziachanisha atomu zake kidogo, nazo zinavutana ili zirudiane. Mpira hauna habari na hayo. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa maelfu ya vipande, na hivyo vipande havitulii. Wafikirie watoto wa shule ya msingi wakati wa mapumziko, wameshikana mikono mstari mzima, na kila mmoja anaruka na kusukumana na mwenzake. Mwalimu mmoja ashike mtoto wa kwanza, mwingine ashike wa mwisho, wavute mpaka mstari unyooke. Mara moja watahisi wanavutwa. Si kwamba watoto wanataka kukaribiana. Wanacheza tu, ila kunyooka kuna namna moja, na kujikunja kuna namna nyingi zisizo na idadi, kwa hiyo fujo peke yake inatosha kuwarudisha walimu katikati ya uwanja. Sasa wape watoto chai yenye sukari nyingi. Fujo inazidi, na walimu wanavutwa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mpira wa Gough ulipopata moto ulipandisha uzito wake. Nguvu ya mpira ni fujo iliyofungwa, na moto ndio unaoichochea.

Uwanja huo una mistari mingi sana, na hapo ndipo mpira mbichi unaposhindwa. Ukiuvuta polepole, mistari inateleza, mmoja unaupita mwingine, mwisho watoto wa mstari huu wameishia kule na hawarudi. Mpira wa porini ulioshushwa pwani kupitia Kilwa na Lindi kabla ya Vita vya Maji Maji ungetumika kutengenezea bushi ukiwa mbichi, bushi hiyo ingeyeyuka kama lami juani. Dawa iligunduliwa na Charles Goodyear, Mmarekani, mwaka 1839: changanya mpira na salfa, upashe moto. Salfa inamfunga mtoto wa mstari huu na mtoto wa mstari ule kwa kamba kiunoni, hapa na pale tu. Wanaendelea kucheza, lakini hakuna anayetoroka. Ni salfa ileile, wasomaji wa Lionja, mnayoipuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Ukizidisha sana, kila mtoto anafungwa na jirani yake, mchezo unaisha, na unapata eboniti, kitu kigumu kama mbao.

Sasa tazama bushi ya gari lenye miaka zaidi ya 20. Joto na oksijeni vimeongeza kamba mahali pasipohitajika na kukata mikono ya watoto mahali pengine. Mpira umekuwa mgumu, kisha umepasuka. Huo ndio mlio wa korongoni.

Jambo jingine. Watoto wanapovutwa na kuachiwa husuguana, na msuguano ni joto. Mpira ukiupa nguvu kumi unakurudishia nane, pengine saba. Wahandisi huita hali hii histeresisi. Kwa Kiswahili nimeona wengine wakiandika "upotevu", nami silipendi, maana nishati haikupotea, imegeuka joto. Mimi nauita ushuru wa mpira: kila mtikisiko unaopita kwenye bushi unakatwa kitu. Hiyo mitetemo ya haraka ya barabara ya vumbi, ile inayofanya dashibodi ilie, inalipa ushuru mara nyingi kwa sekunde mpaka inafika kwenye kiti imefilisika. Masizi yanayochanganywa kwenye mpira, ambayo ndiyo yanayoufanya uwe mweusi, huuimarisha na kupandisha ushuru huo.

Poliurethani ni uwanja mwingine. Kwenye kila mstari kuna mafungu ya watoto waliokaa chini wakakumbatiana, na kati ya fungu na fungu ndiko kwenye watoto wanaocheza. Mafungu hayo yanaifanya iwe ngumu, na kwenye barabara ya mashindano ugumu huo ni faida, kwa sababu gurudumu halipotezi mwelekeo wake hata dereva akikata kona kwa nguvu. Ila mtetemo mwingi zaidi unapita hadi kwenye bodi. Tena bushi nyingi za namna hii hazigandi kwenye bomba la ndani, bali huzunguka juu yake kwa msaada wa grisi. Grisi na vumbi la Nachingwea zikikutana zinakuwa msasa, na kabla ya msimu kwisha bushi itakuwa inalia kama mlango wa ghala. Mimi ningerudisha mpira.

Na mpira ukirudishwa, kuna kosa moja linaloua bushi mpya, nalo linafanyika gereji nyingi tu. Kwa kuwa mpira umegandishwa pande zote mbili, hakuna kinachozunguka ndani ya bushi. Amu inapopanda na kushuka, mpira unajinyonga kisha unajinyongoa. Bolti ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia hewani, bomba la ndani linabanwa katika hali hiyo. Shusha gari chini: amu inapanda, na mpira unabaki umenyongwa hata gari likiwa limelala uani usiku kucha. Watoto wote wamevutwa na hakuna siku watakayoachiwa. Kila korongo linaongeza juu ya hapo, na bushi inachanika mapema mno. Kabla hujapandisha gari, pima umbali wa katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Ingiza bushi kwa presi ukipaka sabuni ya maji, si oili wala grisi ya kawaida, kwa sababu mafuta ya petroli huuvimbisha mpira wa asili. Weka bolti bila kuzikaza. Shusha gari, au inua amu kwa jeki mpaka umbali uleule upatikane, ndipo ukaze. Mengine, kama kuweka stendi imara chini ya gari, kipimo cha kukazia na alaimenti baadaye, fundi ataelekeza.

Breki sasa. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa linaacha kilojuli 580 hivi kwenye breki, joto la kutosha kuchemsha karibu lita mbili za maji, na sehemu kubwa yake inaishia mbele. Kwenye pedi nyingi mna kinywe, madini yaleyale yaliyomo kwenye ardhi ya Ruangwa, yanayosaidia msuguano usibadilike ovyo joto likipanda. Diski ya mbele ni bati mbili zenye mapezi katikati: ikizunguka inavuta hewa kwenye kitovu na kuitupa nje kwenye ukingo. Kwa hiyo bomba la hewa, likiwekwa, huelekezwa kitovuni. Ukipuliza uso mmoja tu, upande mmoja unapoa na mwingine unabaki na moto.

Lakini msomaji amesema pedeli inalegea. Pedi zikichemka, pedeli hubaki ngumu na gari ndilo linalokataa kusimama. Pedeli ikilegea baada ya breki za mfululizo, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu hewani mwaka hadi mwaka. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, ikichoka 155. Mafuta yakichemka mvuke unaingia kwenye mabomba ya breki, na mvuke hubanwa kirahisi. Mguu unazama na breki haipo. Wanaoteremka mlima wa Kitonga kwa gia ya juu huku wamekanyaga breki njia nzima wanaichokoza hali hiyohiyo.

Mabomba ya hewa yanafaa kwenye viwanja vya mashindano, ambako dereva hufunga breki kila baada ya sekunde chache. Lionja yatabeba vumbi na vijiwe hadi kwenye pedi, na masika yatabeba tope. Haya hayasemi gari la kispoti halifai huku; likitunzwa vizuri linazimudu barabara zetu: Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta.

Basi msomaji wa Lionja aanze na breki, maana gari linalogonga linaudhi tu, na lisilosimama linaua. Anunue DOT 4 kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, atoe mafuta yote ya zamani, na kama pedeli bado inalegea atafute panapovuja kabla hajaingia barabarani. Bushi zifuate, za mpira, na zikazwe gari likiwa chini. Fedha ya mabomba aiweke kwenye pedi nzuri.