Kamera Ndogo ya Safari: Tuichague Vipi?



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, kila inapokaribia likizo, au mzazi anapojiandaa kwa safari ya Hija au Umra, au ya kwenda tu kuwaona ndugu Mwanza, Kampala au Dar es Salaam, sisi walimu huulizwa swali hili: "Ustadhi, ninunue kamera gani ndogo ya kwenda nayo?"

Swali linaonekana jepesi, lakini ndani yake mna mambo mawili mazito. La kwanza ni pesa. Kamera inaweza kumeza ada ya mtoto au mauzo ya kahawa ya msimu mzima. La pili ni kumbukumbu. MV Bukoba ilitia nanga hapa Kemondo ikachukua abiria, kisha tarehe 21 Mei 1996 ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapoteza maisha. Mtu mzima wa huku hahitaji kufafanuliwa thamani ya picha moja ya ndugu aliyesafiri asirudi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: kamera nzuri ya safari ni ile iliyo nyepesi kiasi kwamba hutaiacha nyumbani, na uliyoichagua kwa kuitazama safari yako, si kwa kuzitazama namba zilizoandikwa kwenye boksi. Sasa tueleze kwa nini.

Kamera zilikuwa mzigo

Neno kamera asili yake ni chumba. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufariki Cairo karibu mwaka 1040, alichunguza jinsi mwanga unavyoingia katika chumba chenye giza kupitia tundu dogo. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Funga madirisha yote ya chumba kimoja mchana wa jua kali, acha tundu dogo tu, kisha tazama ukuta wa upande wa pili. Utaiona migomba ya nje ikiwa imepinduka juu chini. Kamera zote, hata ile iliyo ndani ya simu, ni chumba hicho kilichofanywa kidogo.

Kukifanya kiwe kidogo hakukuwa kazi rahisi. Muhammad Sadiq Bey, afisa wa jeshi na mhandisi kutoka Misri, alipiga picha Madina mwaka 1861 na Makka mwaka 1880. Zama zile picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilitakiwa kisafishwe kabla dawa haijakauka. Hivyo msafiri alibeba kamera, vioo, chupa za dawa na hema la giza. Mwaka 1925 Ujerumani ikatoa Leica, kamera iliyoingia katika mfuko wa koti. Aliyeibuni, Oskar Barnack, alikuwa na ugonjwa wa pumu na alichoka kubeba kamera nzito milimani. Na mwaka 1975 Steve Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja tu.

Leo kamera ndogo nzuri hupatikana kwa gramu 200 hadi 300. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi yake, mara nyingi huvuka gramu 600, na bado hujaweka chaja na mkoba. Dukani mzigo huo unaonekana si kitu, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ubebe siku nzima shingoni ukiwa na mtoto mkono mmoja na begi mkono mwingine, ndipo utakapoujua.

Kwanza tazama ulicho nacho

Kabla ya kutoa shilingi, chukua simu uliyonayo na uijaribu. Piga picha ya mtu kivulini, ya mtu ndani ya nyumba jioni, na ya mtumbwi ulio mbali ziwani. Kisha zitazame kwenye kompyuta, au kasafishe moja studio.

Ukiridhika na zote tatu, huna haja ya kamera nyingine. Simu nyingi za miaka ya karibuni hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, ndiyo maana hufanya vizuri hata penye giza kiasi. Pesa yako itafaa zaidi kwa nauli, au kwa kadi ya kuhifadhia picha.

Ukiona udhaifu, uandike. Je, ni giza? Ni umbali? Ni chaji kuisha kwa sababu simu ni hiyo hiyo ya kupigia na kutumia pesa? Udhaifu huo ndio utakaokuonyesha kamera ya kutafuta.

Kihisi na lenzi

Ndani ya kamera mna kibao kidogo kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Kibao hicho tunakiita kihisi. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi, mithili ya beseni pana linavyokinga mvua kuliko kikombe.

Kamera nyingi ndogo za bei ya chini zina kihisi cha takriban milimita 6 kwa 4.6. Zipo nyingine zinazolingana nazo kwa umbo lakini kihisi chake ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo mara nne. Mfano ni Sony RX100 iliyotoka mwaka 2012, yenye uzito wa gramu 240 hivi. Zipo pia kama Ricoh GR III ya mwaka 2019, yenye gramu 257, ambayo kihisi chake kinakaribia milimita 24 kwa 16. Hiyo haivuti picha karibu kwa lenzi, na bei yake si ya kila mtu.

Ama kuhusu lenzi, tazama namba iliyoandikwa kando ya herufi f. Namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa. Lenzi ya f/2 huingiza mwanga mara nne ya lenzi ya f/4.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Kemondo. MV Victoria, iliyorejea kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati, husafiri kati ya Bukoba, Kemondo na Mwanza, na kwa kawaida safari hiyo ni ya usiku. Kwenye sitaha kuna taa chache, chombo kinatikisika na watu wanatembea. Kamera yenye kihisi kidogo na lenzi ya tundu dogo itakupa picha iliyotikisika na yenye chengachenga. Flashi yake nayo hufika mita chache tu, basi usitarajie imulike gati zima.

Namba mbili zinazodanganya

Ya kwanza ni megapikseli. Muuzaji atakuambia 48 au 64 kana kwamba anataja daraja la ubora. Ukweli ni kwamba picha ya kawaida ya albamu, ya sentimita 10 kwa 15, hutosheka na megapikseli 2 hivi. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 hutosheka na 9. Kamera yenye 12 na kihisi kizuri ni bora kuliko yenye 48 na kihisi cha punje.

Ya pili ni zumu, yaani kuvuta kitu karibu. Zipo zumu za aina mbili. Moja ni ya lenzi, ambapo vioo vyenyewe husogea. Nyingine ni ya dijitali, ambapo kamera huikata picha katikati na kuikuza, mithili ya kukata kipande cha gazeti na kukitazama kwa kioo cha kukuzia. Hesabu ile ya lenzi peke yake.

Hapa ndipo safari inapoamua. Mwanafunzi anayekwenda na darasa Katuruka, kule Maruku, kuona mahali wazee wetu walipoyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, hahitaji zumu kabisa, kwa sababu vitu viko mbele yake. Kijana anayekwenda hifadhi ya Burigi-Chato, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, anahitaji zumu ya lenzi ya mara 10 au zaidi, kwani wanyama hawamsubiri. Naye mzee wa Hija anahitaji wepesi na urahisi: chombo kimoja, vitufe vichache, na kamba ya kukivaa mkononi penye msongamano. Kwa watu wengi wa aina hii simu yao inatosha.

Betri, kadi na maji

Kamera bila chaji ni jiwe. Tafuta inayochajiwa kwa waya wa USB, ili itumie chaja ya simu, pawabenki au sola. Zinazotumia betri ndogo za mawe zina faida kwamba betri hupatikana kila duka, lakini za kawaida huisha upesi sana. Nunua zile za kuchajiwa.

Kuhusu kadi, kubwa kupita kiasi si lazima. Kwa picha ya MB 4, kadi ya GB 16 hubeba picha zipatazo 4,000. Ni afadhali kadi mbili ndogo kuliko moja kubwa, kwani ikiharibika moja, nusu ya safari yako imebaki.

Usisahau kwamba tunaishi kando ya ziwa, katika mkoa wenye mvua nyingi. Kamera ya kawaida haipendi maji. Zipo zilizotengenezwa kuvumilia, kama OM System TG-7 ya mwaka 2023, inayozama hadi mita 15, lakini kihisi chake ni kidogo. Kwa wengi wetu mfuko wa plastiki unaofungika vizuri unatosha, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Ukinunua iliyotumika

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na si aibu. Nenda na kadi yako, nenda mchana, na ufanye haya:

1. Piga picha ya ukuta mweupe, kisha ikuze. Ukiona madoa yaliyo mahali palepale kila picha, ndani mna uchafu au ukungu.
2. Vuta zumu mbele na nyuma mara kadhaa. Lenzi inayokwaruza au kukwama, iache.
3. Toa betri uitazame. Iliyovimba haifai. Hakikisha chaja ipo.
4. Angalia aina ya kadi. Kamera nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 hazisomi kadi ya SD inayozidi GB 2, na nyingine hutumia kadi za xD ambazo hazitengenezwi tena.
5. Uliza imetoka wapi, na upate risiti. Kitu cha wizi hakina baraka, hata kiwe cha bei gani.

Adabu ya mpiga picha

Wanachuoni wa zama hizi wamelijadili suala la picha za kamera na wametofautiana. Kwa hukumu yake muulize ustadhi wako. Lililo wazi ni kwamba wepesi wa kamera usigeuke wepesi wa kuvunja stara za watu. Sura ya Al-Hujuraat imekataza kupelelezana, na kamera ndogo ni rahisi sana kupeleleza nayo. Omba ruhusa, hasa kwa akina mama, wagonjwa na watoto wa watu. Usipige picha maeneo ya jeshi na polisi. Ukiwa bandarini au mpakani Mutukula, uliza kwanza.

Picha haijawa salama

Mwisho, na huenda hili ndilo kubwa kuliko yote. Picha iliyo ndani ya kadi moja, au simu moja, bado haijahifadhiwa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi mkoani kwetu na kutukumbusha kwamba hata albamu iliyomo kabatini haina dhamana. Ukirudi safari, weka nakala mahali pawili tofauti, mfano kwenye kompyuta na kwa ndugu wa mji mwingine. Kisha chagua picha kumi tu, zisafishwe studio, na nyuma ya kila moja uandike kwa kalamu jina, mahali na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha isiyo na jina, baada ya miaka 30, ni picha ya mtu asiyejulikana.

Basi wanafunzi wapendwa, kazi ya likizo hii ni nyepesi. Chukua simu ya nyumbani kwa idhini ya wazazi, kaa na babu au bibi, umuombe ruhusa na upige picha moja nzuri kando ya dirisha, penye mwanga. Hiyo haihitaji kamera mpya.

Tunamuomba Allah (s.w.) awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kutumia neema zake kwa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.