Ibada ya Kihambani

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mpaka wa kihamba, ardhi ya ukoo inayoizunguka nyumba, huwekwa kwa masale. Isale halina tunda la kuliwa. Lina majani marefu yasiyopukutika kiangazi wala masika, na ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini linashika bila kubembelezwa. Mgeni hupita asilitazame mara mbili. Mchaga analiheshimu, kwa kuwa ndilo linalotenga ardhi yake na ya jirani, ndilo lililopandwa kwenye makaburi ya wazee wake, na siku akimkosea mtu ndilo atakalolibeba kwenda kuomba radhi.

Radhi hiyo ina utaratibu wake. Mkosaji haendi peke yake, na haendi mikono mitupu. Nimewahi kushuhudia ndugu wawili waliogombania migomba iliyopandwa juu ya mpaka. Walikuwa wamefikia kupishana njiani bila salamu, na watoto wao wamekatazwa kuchezea uani kwa wenzao. Jioni moja mdogo mtu alikuja na mzee wa ukoo, jani la isale limefungwa fundo, nyuma yao kijana amebeba dumu la mbege, pombe ya ndizi. Aliyesema ni mzee: "Mbe, mdogo wako amekuja na isale." Kaka mtu alinyamaza, akakohoa, akatazama pembeni, kisha akamwambia mkewe alete kata. Neno la kusamehe halikutamkwa. Walikunywa, wakaanza kuongea habari za bei ya mbolea.

Kulikataa isale ni jambo zito. Wazee husema anayelikataa huandamwa na balaa yeye na kizazi chake, na hata wanaojiita wasomi sijawaona wakijaribu. Mimi napenda jinsi desturi hii inavyougeuza mzigo: mkosaji akishalileta, anayepimwa ni aliyekosewa. Baraza la ardhi lingewapimia mpaka wale ndugu, na lingeupima vizuri tu, ila nadhani wangerudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake.

Kihamba ni tofauti na shamba. Shamba la mahindi na maharage liko chini, tambarare. Kihamba kiko juu, kimeizunguka nyumba: migomba, katikati yake kahawa, chini magimbi, na juu ya vyote miti mirefu kama mruka na mringaringa inayotia kivuli. Ng'ombe hukaa bandani. Majani huletewa, mara nyingi kichwani mwa mama aliyeyafuata mbali, na samadi yake hurudi kwenye mashina ya migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hiki, kwa kuutaja mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Heshima njema, ingawa bibi anayetoka na mundu kabla hakujapambazuka huenda hana habari nayo.

Mtazame bibi huyo akisafisha migomba. Shina lililotunzwa lina vizazi vitatu: mama mwenye mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu aliyechomoza juzi. Machipukizi mengine anayafyeka kwa panga bila huruma. Mkungu ukishakomaa mama hukatwa, gogo lake likapasuliwa vipande akala ng'ombe, na mtoto akashika zamu. Shina likitunzwa hivyo huweza kumzidi umri aliyelipanda. Mtu aliyeshinda na kazi hii tangu ujana wake hana haja ya kuhubiriwa sana juu ya tumaini. Ndizi za mwakani ameshaziona, na ndiye aliyeamua chipukizi lipi libaki. Hatua chache kutoka hapo wamelala wakwe zake. Wachaga huzika kihambani, na anayefia Dar es Salaam au Mwanza ukoo huchanga, hata kwa kukopa, ili arudishwe alale kwenye migomba ya kwao. Ndiyo maana habari ya kumuuzia kihamba mtu wa nje ya ukoo bado husemwa kwa sauti ya chini.

Kabla ya wamisionari Mungu aliitwa Ruwa, na jua liliitwa hivyo hivyo. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyeandika kitabu juu ya Wachaga mwaka 1924, alieleza jinsi watu walivyotoka nje asubuhi wakatema mate kuelekea jua, wakiomba siku iwe ya heri. Mate yalikuwa baraka. Upande wa Kibo, kilele cha mlima, ulikuwa upande wa heshima. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyeishi mlimani kwa miaka mingi kati ya 1902 na 1938, aliandika jambo ambalo mimi huliona zuri kupita yote: mti wa kuchongea mzinga haukukatwa hivi hivi. Mwenye mti aliuaga kama baba anayemwoza binti yake, akaukabidhi kwa maneno ya upole, ndipo shoka likaanza. Cheka ukitaka. Mimi nikipita mahali ambapo msumeno wa injini umeshinda mchana kutwa sioni la kuchekesha.

Ukristo ulipokuja, Walutheri huku, Wakatoliki kule, jina Ruwa liliingia nao kanisani, na kihamba kikaingia pia. Nenda Jumapili ya mavuno ujionee. Mbele ya madhabahu hupangwa mikungu ya ndizi, magimbi, kuku waliofungwa miguu, maziwa, mayai. Ibada ikiisha watu hutoka uwanjani, mnada unaanza. Bibi ameleta mayai kwenye bakuli, kijana aliyekuja kutoka mjini anapandisha bei mpaka watu wanapiga vigelegele, analipa, halafu anasema, "Mrudishieni bibi." Bibi anayapokea kwa mikono miwili, anashukuru, "Aika, mwanangu, aika," na hapo hapo anayatoa tena yanadiwe upya. Mayai yale yale yanaweza kuuzwa mara nne, na mnadi akisahau bei hakuna anayemkumbusha. Mahubiri ya siku hiyo watu huwa wameyasahau kabla ya Jumatano, mayai ya bibi husimuliwa mpaka mavuno yajayo.

Mengi yanabadilika, na si yote ni ya kulilia. Vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vingine havitoshi kulisha nyumba moja. Waliofanikiwa mjini hurudi wakazungusha ukuta wa matofali na geti la chuma. Siwalaumu kwa kuogopa wezi, lakini ukuta ukijengwa masale hung'olewa, na sijui siku ya ugomvi watabeba nini. Barafu ya Kibo nayo inakwisha: wataalamu waliopima walikuta kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu imetoweka. Wazee husikitika wakiutazama mlima, na wana haki, kwa kuwa ndio walioutazama wakiomba.

Hata hivyo maji ya kihambani hutegemea zaidi mvua inayonyesha msituni kuliko barafu, na huko ndiko mababu walikoelekeza akili zao. Walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka kwenye vijito, wakafuata ubavu wa mlima kwa jicho tu, na penye korongo wakapitisha maji kwenye magogo yaliyochongwa. Mfongo ulikuwa na mzee wake, zamu zake, na faini kwa asiyekuja kusafisha. Kabla ya kuufungulia maji walitambika. Leo mahali pengi mtu wa kanisa huongoza sala, na mbege hufuata baadaye kama zamani. Tope na mizizi havijabadilika, vinaziba kila mwaka. Kilichopungua ni mikono. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, wanaofika ni wazee na akina mama, na mifongo mingi imekauka huku wenye nguvu wakiwa mjini.

Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa watu wenye nguvu, wanaokwenda kula ndafu, mbuzi aliyechomwa mzima, na kusali Krismasi nyumbani. Kama wewe ni mmoja wao, na kama mfongo wa kwenu bado unatoa maji, ukishasalimia wazee muulize mzee wa mfongo siku ya kusafisha ni lini. Ukikuta imepita, muulize ijayo. Nenda na jembe lako, maana kazi huanza asubuhi mapema na majembe ya kuazima hayatoshi.