Je, Wajua? Maua ya Shaba na Pesa za Wahisani

Je, wajua kuwa ua linaweza kukuonyesha mahali palipo na shaba? Katika Katanga Juu kuna mmea mdogo uitwao Haumaniastrum katangense, unaostawi kwenye udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine. Wachunguzi wa mambo ya kale waliufuata na chini yake wakakuta mabaki ya tanuri za mababu, waliokuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla reli ya kutoka kusini haijafika Sakania mwaka 1909.

Je, wajua kuwa vilima vya shaba na kobalti vya Katanga vina zaidi ya aina 600 za mimea, na zaidi ya 30 kati yake hazioti penginepo popote duniani? Kilima kikichimbwa, mmea wake huondoka nacho. Shaba huuzwa London. Mbegu ya mmea uliopotea haiuzwi popote.

Je, wajua kuwa vipimo vya miaka ya 1970 vilikuta zaidi ya gramu 10 za kobalti katika kila kilo ya majani makavu ya mmea mwingine wa huku, Haumaniastrum robertii? Baadaye watafiti walirudi wakayaosha majani ya mimea ya shaba vizuri kabla ya kuyapima, na namba nyingi za zamani zikashuka: sehemu ya madini ilikuwa vumbi lililoganda juu ya jani. Hapo ndipo unapoona thamani ya maabara iliyo karibu. Swali dogo kama hilo, kuosha au kutoosha, lilibadilisha majibu ya miaka mingi.

Je, wajua habari ya Penga Penga? Ni eneo la Lubumbashi lililo upande unaopelekewa moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911. Moshi ulidondosha madini mwaka baada ya mwaka mpaka ardhi ikabaki tupu, nyekundu, bila jani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Mylor Ngoy Shutcha, walichukua nyasi ya asili ya vilima vya shaba, Microchloa altera, wakatia chokaa na mbolea ya asili kwenye udongo ule, wakapanda. Nyasi zikashika. Hazikuiondoa shaba, bali ziliishikilia ardhini ili isipeperushwe na upepo wala kusombwa na mvua kuingia mtoni. Naiona kazi hii kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa Katanga: dawa ya jeraha ilichumwa palepale penye jeraha.

Na nani alilipia? Sehemu kubwa ilikuwa pesa za ushirikiano wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, yaani kodi ya raia wa huko.

Je, wajua kuwa hisani ya wenye mali kwa sayansi ya Kongo ina historia chungu? Shule ya tiba za nchi za joto ya Liverpool ilianza mwaka 1898 kwa ahadi ya pauni 350 kila mwaka kutoka kwa Alfred Jones, tajiri wa meli. Meli za kampuni yake ndizo zilizobeba mpira wa Kongo wa Mfalme Leopold, na karani wake mwenyewe, E. D. Morel, ndiye aliyetazama shehena bandarini Antwerp na kugundua kuwa mpira ulikuja kwa wingi huku kilichorudishwa kikiwa hasa bunduki na risasi. Shule hiyohiyo ilimtuma Kongo daktari kijana, Joseph Dutton, aliyethibitisha pamoja na mwenzake John Todd kuwa homa ya papasi huletwa na kupe yule tunayemwita kimputu. Dutton aliugua homa hiyo na kufa Kasongo, Maniema, Februari 1905. Ujuzi ulikuwa wa kweli na umeokoa watu. Pesa iliyoulipia ilitoka mahali tusipopaswa kupasahau.

Je, wajua kuwa kirusi cha Zika kilijulikana kwa pesa za mafuta ya Marekani? Wakfu wa Rockefeller ulifungua kituo cha homa ya manjano Entebbe, Uganda, mwaka 1936. Mwaka 1947 kirusi hicho kikapatikana kwa nyani aliyewekwa katika msitu wa Zika. Kituo kiko hai hadi leo, kikiendeshwa na Waganda.

Kenya nako hisani iliingia: Kilifi, pwani ya nchi hiyo, kazi ya pamoja ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya na wakfu wa Wellcome ilianza mwaka 1989.

Je, wajua kuwa Nairobi kuna maabara ya vinasaba ambayo Kongo ni mojawapo ya nchi zinazohudumiwa nayo? Inaitwa BecA, iko katika taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, na mwaka 2010 ilianzisha mfuko wa kuwapokea watafiti vijana waje na swali la nyumbani kwao, watumie mashine, warudi na majibu. Kati ya waliochangia ni wakfu wa Gates na wakfu wa Syngenta, pamoja na serikali za Australia na Uswidi.

Je, wajua kuwa muhogo wetu uliokolewa na nyigu? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, alionekana Kongo akikausha mihogo. Hans Herren wa Uswisi na wenzake wa IITA, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ibadan, kilichoanzishwa kwa msaada wa wakfu za Ford na Rockefeller, walimtafuta adui yake mpaka Paraguay: nyigu mdogo asiyedhuru mtu. Mwaka 1995 Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani, na pesa ya tuzo akaianzishia wakfu wa Biovision. Tuzo ikazaa hisani.

Na Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika Yambuku katika mlipuko wa kwanza wa Ebola mwaka 1976? Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Christophe Mérieux, euro 500,000 za kuendeleza utafiti. Wakfu wa Mérieux umejenga pia maabara Goma. Dawa ya Ebola iitwayo Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995.

Je, wajua kuwa Lubumbashi ilishauliza swali zito kuhusu watoto wake? Watafiti wa hapa na wa Ubelgiji walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio nazo. Pale baba alipofanya kazi ya madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa zaidi ya mara 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Idadi ni ndogo, utafiti mkubwa zaidi unahitajika, na wa kuulipia hawapaswi kusubiriwa kutoka Brussels.

Maana, je, wajua kuwa sheria ya madini ya Machi 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka? Mauzo ya dola milioni 100 ni dola 300,000. Katika mrabaha, asilimia 15 ni ya utawala wa mahali penye mgodi, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo si hisani, ni haki. Sakania ina mgodi wa shaba wa Frontier, na malori yanapita usiku na mchana kwenda Ndola, mji wenye kituo chake cha utafiti wa magonjwa ya nchi za joto.

Ndugu yangu wa Sakania, kamati ya asilimia 0.3 itakapoitisha mkutano mtaani kwenu, baada ya kuomba kisima na darasa, omba pia nafasi ya kumsomesha mtoto mmoja wa hapa sayansi ya mimea au ya maradhi pale Lubumbashi, na umtaje kwa jina.