Shilingi 250 za Kuingia Kwenye Daftari la Kura

Nikisoma habari za uchaguzi wa zamani, naanza na daftari la wapiga kura. Mwaka 1789, Marekani ilipomchagua George Washington kuwa rais wa kwanza, jimbo la Virginia liliruhusu wanaume wenye ardhi tu kupiga kura.

Kwetu sharti lilikuwa kipato. Septemba 1958 Tanganyika ilianza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na Jimbo la Kaskazini, lenye Arusha, Meru na Kilimanjaro, lilikuwa kati ya matano yaliyotangulia. Aliyefikisha miaka 21 aliandikishwa akiwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa.

Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani 250 kila mwezi. Piga hesabu hiyo ukiwa Olmotonyi, Arusha. Karani wa misitu aliyemaliza darasa la nane anaandikishwa. Kibarua anayepalilia miche anarudi nyumbani. Na mzee wa Kiarusha ambaye rika zima humsikiliza? Ng'ombe wamejaa bomani, lakini ng'ombe hawana hati ya mshahara. Hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyepenya alikuta karatasi inayodai kura tatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukichagua Mwafrika peke yake, kura imeharibika. Waafrika walizidi milioni 8. Wazungu walikuwa kama 20,000. Januari mwaka huo, mkutanoni Tabora, Julius Nyerere alikishawishi chama chake, TANU, kishiriki hivyo hivyo, na Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda chama chake mwenyewe. Hasira yake naielewa, ila hesabu ya Nyerere ilikuwa sahihi: TANU iliunga mkono wagombea wa rangi zote, na Kaskazini ikawapeleka barazani Sophia Mustafa kwa kiti cha Waasia na Derek Bryceson kwa kiti cha Wazungu.

Mwaka 1960 sharti la kipato lilishuka hadi pauni 75. Novemba 1962 Nyerere na Mtemvu wakakutana tena, safari hii kugombea urais: kura 1,127,978 kwa 21,276. Kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, na mzee wa Olmotonyi hakuulizwa tena ana shilingi ngapi.