Mbona mtoto hajapiga simu?

UMEMSINDIKIZA mwanao hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, naye ameabiri ndege ya moja kwa moja kwenda New York saa sita usiku. Kumekucha, adhuhuri imefika, simu kimya. Usipate tumbo joto, mzazi. Safari hiyo, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, ni takriban kilomita 11,800 na huchukua saa 15 hivi. Atatua saa tisa alasiri yetu. Kule, ikiwa ni Julai, itakuwa saa mbili asubuhi. Desemba, saa moja. Kurudi hupungua saa moja hivi, kwani pepo za juu kutoka magharibi huisukuma ndege. Nawe mwanafunzi, usilale saa nne usiku kabla ya kupiga simu: nyumbani ni alfajiri, mama yu macho.