Kwa Nini Mchezo Uliozeeka Huishiwa na Wachezaji?

Asubuhi ya siku ya mapumziko katika Goba, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, daladala husimama kituoni ikisubiri kujaa. Konda huita, abiria wa kwanza huketi, na muda hupita. Abiria aliyechoka kungoja hushuka akatafuta bodaboda. Kushuka kwake huwaongezea muda wa kusubiri wale waliobaki. Nao huanza kutazama saa zao, na mmoja baada ya mwingine huteremka. Gari lililokuwa limebakiza abiria wanne tu kujaa laweza kubaki tupu, ingawa hapana hata mmoja aliyeahirisha safari yake.

Tukio hili dogo lina kanuni ndani yake. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala jambo ambalo vijana wengi wa sekondari wanalijua kwa uzoefu, ijapokuwa si wengi wanaojua sababu zake: kupungua kwa wachezaji katika mchezo wa kompyuta au wa simu unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Kijana wa Goba hufungua mchezo alioupenda tangu akiwa kidato cha kwanza. Hubonyeza kitufe cha kutafuta wenzake, dakika hupita, hapana anayetokea. Je, wachezaji wamekwisha? Jibu la sayansi ni kwamba mara nyingi hawajakwisha, bali hawakutani.

Mchezo na seva yake

Mchezo wa namna hii hauishi ndani ya simu ya mchezaji. Unaishi katika kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo hupokea taarifa za kila mchezaji na kuwarudishia wote hali ya mchezo ilivyo. Seva ni mali ya kampuni, nayo hula umeme na huhitaji mafundi. Wachezaji wakipungua mno, mwenye mali huanza kujiuliza kama inafaa kuiendesha.

Mfano maarufu ni World of Warcraft, mchezo ulioanza Marekani Novemba 2004. Mwezi Oktoba 2010 kampuni yake ilitangaza kuwa waliokuwa wakiulipia wamefika milioni 12. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2015 idadi iliyotangazwa ilikuwa milioni 5.5, na tangu hapo kampuni iliacha kutoa hesabu hiyo. Mchezo huo ungali unachezwa, lakini safari yake inaonyesha kuwa hata kilicho kikubwa hakikwepi uzee.

Hesabu ya kuingia na kutoka

Njia rahisi ya kuuelewa uzee huo ni kufikiria tangi la maji lenye bomba juu na tundu chini. Chukulia mchezo wa kubuni unaopata wachezaji wapya 1,000 kila mwezi, na ambao asilimia 10 ya wachezaji wake huondoka kila mwezi. Idadi itapanda mpaka ifike 10,000, kisha itatulia, kwa kuwa asilimia 10 ya 10,000 ni 1,000: wanaotoka wamelingana na wanaoingia.

Sasa wapya wakipungua wakawa 500 kwa mwezi, idadi itashuka polepole kuelekea 5,000, hata kama hapana aliyeuchukia mchezo zaidi ya zamani. Lakini kama waendeshaji wataweza kupunguza wanaoondoka kutoka asilimia 10 hadi 5, hao 500 watatosha kuurudisha mchezo kwenye 10,000. Ndiyo maana kumtunza mchezaji aliyepo kuna uzito sawa na kumtafuta mgeni.

Wapya hupungua kwa sababu zinazoeleweka. Wengi ambao wangependezwa na mchezo wamekwisha kuujaribu, na michezo mingine imezaliwa. Tena wakongwe wamekuwa mabingwa, hivi kwamba mgeni hupigwa mara kumi mfululizo kabla hajajifunza kanuni, naye hukata tamaa. Na endapo wapya watakoma kabisa, mchezo huo utabakiwa na asilimia 90 baada ya mwezi mmoja, 81 baada ya miezi miwili, na takriban nusu baina ya mwezi wa sita na wa saba. Mwanafunzi wa fizikia atatambua kuwa huo ni mwendo ule ule wa kuoza kwa madini ya mnururisho.

Mchezaji si atomu

Hata hivyo mfano wa mnururisho una upungufu mmoja mkubwa. Atomu haijali kama jirani yake angalipo, mwanadamu hujali. Abiria wa Goba alishuka kwa sababu gari lilikuwa na watu wachache. Vivyo hivyo, mchezo unaohitaji watu 10, yaani watano dhidi ya watano, humchosha mchezaji kadiri wenzake wanavyopungua, maana muda wa kusubiri hurefuka. Asilimia ya wanaoondoka haikai palepale. Hupanda kwa sababu ya uchache wenyewe.

Wanabiolojia wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 Warder Clyde Allee, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alionyesha kwamba baadhi ya samaki waliowekwa pamoja katika maji yenye sumu huishi muda mrefu kuliko samaki aliyewekwa peke yake. Kutokana na kazi yake, hali ya viumbe kudhoofika kwa kuwa wachache imepewa jina lake. Mbwa mwitu wa Afrika, ambao kusini mwa Tanzania ni mojawapo ya makao yao makubwa, hutoa mfano wa karibu. Huwinda na kulea kwa ushirikiano. Kundi kubwa laweza kumwacha mmoja alinde watoto pangoni na bado likawinda vyema; kundi dogo hulazimika kuchagua baina ya chakula na ulinzi. Ukishuka chini ya kiwango fulani, uchache huzaa uchache.

Umbali nao ni mshindani

Hapa ndipo mchezaji wa Dar es Salaam anapoumia kabla ya wengine. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti kati ya Tanzania na ng'ambo yalitegemea sana setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lilipanda na kushuka, jibu nalo likapanda na kushuka: jumla kilomita 144,000. Kwa mwendo wa mawimbi ya redio, kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu sekunde. Katika mchezo wa kulenga shabaha, adui alikuwa amekwisha kuhama.

Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM uliunganishwa Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Ndani ya nyuzi zake za kioo nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukua njia ya kilomita 9,000 hadi seva iliyoko Ulaya: kwenda na kurudi ni kilomita 18,000, yaani sehemu 90 za elfu za sekunde, bila kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo ya njiani. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini mchezaji aliye jirani na seva hiyo bado ana nafasi bora zaidi. Kwa hiyo michezo mingi ya ushindani huwakutanisha kwanza watu walio karibu. Mchezo unapozeeka, Ulaya hubaki na maelfu ya kutosha. Afrika Mashariki, iliyoanza na wachache, hushuka chini ya kiwango mapema. Mchezo mmoja waweza kuwa hai London na mfu Goba, usiku ule ule.

Tiba zilizojaribiwa

Ikiwa ugonjwa ni kutokukutana, tiba ni kuwakusanya watu. Mwaka 2013 waendeshaji wa World of Warcraft walianza kuziunganisha seva zilizopungukiwa na watu, ili wakazi wa dunia mbili waonane kama wa dunia moja. Mwaka huo huo kampuni ya Uingereza yenye mchezo wa RuneScape iliwauliza wachezaji kama wangependa kurudishiwa sura ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa tangu Agosti 2007. Kura zaidi ya 400,000 zilipigwa, na mchezo huo wa kale umestawi mpaka leo kuliko ule uliokusudiwa kuurithi.

Lakini ziko dunia zilizofungwa. City of Heroes ulizimwa tarehe 30 Novemba 2012, na kazi ya miaka ya wachezaji wake ikatoweka pamoja na seva. Baadaye wapenzi wake waliuendesha wenyewe, na mwaka 2024 kampuni ikawapa leseni baadhi yao.

Tiba nyingine haihitaji kampuni, na mwalimu anaweza kuionyesha darasani. Wanafunzi 48 waandike kila mmoja, kwa siri, saa moja atakayocheza kati ya saa 24 za siku. Karatasi zikikusanywa, wastani utakuwa wachezaji wawili kwa kila saa, na yaelekea hapana saa itakayofikisha 10. Kisha warudie, safari hii wakiruhusiwa kuchagua kati ya saa nne tu za jioni. Wastani sasa ni 12, na katika baadhi ya saa hizo, kama si zote, mchezo utafanyika. Watu hawakuongezeka hata mmoja; kilichobadilika ni ahadi ya kukutana.

Somo la bao

Wazee wanaocheza bao barazani walilitambua hilo bila hesabu za kuandika. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nalo huhitaji wachezaji wawili tu. Halina seva ya kuzimwa. Kete ziko mikononi mwa wachezaji wenyewe. Zaidi ya yote lina mahali pake na saa yake: jioni, kazi zikiisha, kila mwenye hamu anajua pa kwenda, na mtoto anayetazama leo ndiye mchezaji wa kesho.

Kanuni hii haikomei katika michezo. Klabu ya sayansi shuleni, kwaya, chama cha ushirika, hata lugha yenye wasemaji wachache, vyote vina kiwango ambacho chini yake uchache huzaa uchache. Anayetaka kukiokoa chombo kama hicho asingoje mpaka wabaki watatu. Na aanze kwa kuwauliza waliopo swali lililo jepesi kuliko yote: tukutane wapi, na saa ngapi?