Mosi Katika Tangi la Samaki

Msafiri apandaye kutoka Korogwe kwenda milima ya Usambara huanza safari yake katika joto na mashamba ya mkonge. Kadiri apandavyo, hewa hupoa, na mawe ya kando ya vijito huonekana yamevikwa zulia laini la kijani. Zulia hilo ni mkusanyiko wa mimea midogo iitwayo mosi. Baadhi ya aina zake huweza kuishi ndani ya maji kabisa, nazo zafaa sana kwa shule au nyumba yenye tangi la kioo la kufugia samaki.

Kwa nini ni rahisi kutunza?

Mosi haina mizizi ya kweli. Ina vinyuzi tu vya kujishikiza juu ya jiwe au gogo. Jani lake kwa kawaida ni jembamba mno, unene wa chembehai moja, hivyo hufyonza moja kwa moja maji, madini na hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo haihitaji udongo wala mbolea. Kinyesi cha samaki chatosha. Tena, mmea uliozoea kivuli cha msitu hauhitaji mwanga mkali. Samaki nao hufaidika: vifaranga hupata maficho, na mwanga uwapo mosi hutoa oksijeni.

Namna ya kupanda

Mosi ipandwayo sana duniani katika matangi huitwa mosi ya Java, na asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Chukua fundo la ukubwa wa kidole gumba, ulifunge kwa uzi wa pamba juu ya jiwe, kisha ulizamishe. Baada ya majuma kadhaa vinyuzi vitajishika vyenyewe. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi usiku na mchana kabla ya kutumiwa. Mmea ukizidi, upunguzwe kwa mkasi.

Huko Handeni na Korogwe, kosa la kawaida si upungufu wa mwanga bali wingi wake. Tangi likipigwa na jua, ukoga huota upesi na kuisonga mosi, na maji hupata joto. Joto la nyuzi 20 hadi 26 za Selsiasi huipendeza. Likipita 30 hudhoofika. Basi tangi liwekwe ndani, mbali na dirisha. Na huko Handeni, ambako maji hupatikana kwa shida, maji yaliyotolewa tangini yasimwagwe ovyo: yamwagiliwe mboga, kwani yana rutuba.

Hatari zisizoonekana

Urahisi huo usitufanye tuzembee. Mmea uliochumwa mtoni waweza kubeba konokono wa majini. Konokono aliyekwisha kuambukizwa kichocho hutoa vijidudu majini kwa majuma mengi, navyo hupenya ngozi ya mtoto atiaye mkono tangini. Kwa hiyo ni salama zaidi kupata mosi kutoka tangi la mfugaji mwingine kuliko kuichuma mtoni. Hata hivyo ikaguliwe, na mayai ya konokono, yafananayo na ute mzito, yaondolewe. Tangi lisilo na samaki lifunikwe kwa wavu, kwa maana katika joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hivi.

Mosi ya msitu wa hifadhi, kama ule wa Amani uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, isichumwe. Wala mmea au samaki wa tangini asitupwe mtoni. Mto Pangani una perege wake, Oreochromis korogwe, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1955 na kupewa jina la mji huo. Viumbe wageni huweza kumdhuru. Mosi isiyohitajika ianikwe juani hadi ikauke kabisa, kisha izikwe shambani.